Jina Lisilo na Mwenyewe

Jumatatu mchana, vijana wa Chuo cha Ambler, Ohio, walikuwa wakifunga kamba za viatu pale kijana mmoja alipoingia uwanjani akiburuta mguu, shingo imelalia bega. Kocha Elbert Thorne alimtambua. Walikuwa wamemzika wiki iliyopita.

"Umechelewa mazoezi," nahodha Corliss alimwambia.

"Nilikuwa kaburini."

"Kaa huku basi. Kwa shingo hiyo ungenichungulia majibu ya mtihani, ila wewe darasani hukuwahi kuingia."

Wakacheka, wakasogea kumpa nafasi.

Ni kweli hakuwahi kuingia. Thorne alimtoa kwenye machimbo ya makaa ya mawe Pennsylvania na kumchezesha kama mwanafunzi kwa jina la Henry Pruitt, kama walivyofanya makocha wengi siku zile. Akamweka kwenye ncha ya kabari, mpango wa kushambulia katika mpira wa Kimarekani: vijana hushikana mikono na kukimbia pamoja, mwenye mpira yuko katikati, na wa mbele hupasua au hupasuka. Yeye alivunjika shingo. Timu ilishinda. Kwenye jiwe la kaburi waliandika Henry Pruitt.

Baada ya mazoezi kijana huyo alimfuata Thorne kwenye benchi.

"Mama yangu amekuja, Kocha. Anauliza mji mzima Walenty Wojda kazikwa wapi. Wanamwambia hapa hakuna mtu huyo."

"Nikilitaja jina hilo, kazi sina. Na ushindi wetu wote utafutwa."

"Najua."

Thorne alimfuta matope shavuni kwa kitambaa chake, kama zamani.

"Jumamosi, kabla ya mechi," alisema.

Jumamosi majukwaa yalijaa. Thorne alipoinuka, mkuu wa chuo alimshika koti. "Kaa chini, Elbert. Watu wamekuja kufurahi."

Thorne akaenda katikati ya uwanja, akavua kofia. "Mliyemzika kama Henry Pruitt aliitwa Walenty Wojda, mchimba makaa. Jina nilimbadilisha mimi."

Watu wakakohoa. Mkuu wa chuo akanyoosha mkono kudai funguo za ofisi ya kocha, akapewa.

Mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani na kifurushi mkononi akaingia uwanjani, akamnyooshea mwanawe kola. Wakaondoka wote wawili kuelekea makaburini, Thorne akifuata na kifurushi cha mama.

Nyuma yao vijana walishikana mikono. Kwenye ncha ya kabari alisimama kijana mgeni, naye wa machimboni. Walikuwa wamempa jina la Henry Pruitt, maana sasa halikuwa na mwenyewe.