Kikombe Kando ya Sumu

Haba na haba huharibu kibaba. Anayebisha angekuja kwenye kiwanda chetu cha chapa, mtaa wa Gerezani, wiki ile tulipopanga kitabu cha kisomo cha watu wazima.

Chini ya kila ukurasa palikuwa na neno moja, na mbele yake mchoro mdogo wa kitu hicho. Jembe. Kuku. Kikombe. Mwanafunzi angetazama mchoro, kisha alijue neno lililo mstari mmoja nao. Hiyo ndiyo kazi yote ya mchoro.

Bakili, fundi wetu aliyechonga michoro hiyo kwenye vibao vya kuchapia, aliacha mbao tupu, upana wa kidole, chini ya kila mchoro. Msimamizi wetu, Mzee Mwinyimvua, akapanga kama alivyozoea miaka ishirini: ukingo wa kibao usawa wa miguu ya herufi. Kibao kikakaa sawasawa, mchoro ukaelea juu. Kwenye ukurasa wa kumi na nne kikombe kikapanda hadi mstari wa mwisho wa somo, kikatua kando ya maneno "sumu ya panya".

Kukishusha kibao haikuwezekana. Karatasi ilikuwa adimu, kurasa zimebanwa hadi ukingoni. Nikaomba kukata ile mbao ya ziada. Mzee akakataa: vibao vimeorodheshwa kuwa mali ya umma, na mali ya umma haipigwi msumeno. Tena, akasema, michoro ni mapambo tu, na stashahada yangu imenifundisha kutafuta mifupa kwenye maziwa.

"Kidole kimoja tu, binti."

"Kidole kimoja kati ya chai na sumu, Mzee."

Akanigeuzia mgongo, akaagiza mashine iwashwe baada ya chakula.

Mama mkubwa Euphrasia, anayeuza maharage sokoni Kariakoo, alikuwa anasubiri kitabu hicho darasani kwake. Yeye husoma kwa kidole: hugusa picha, kisha hukiburuta hadi kwenye neno la jirani. Wenzangu walipotoka kwenda kula, nikachukua msumeno wa Bakili nikakata vibao vyote ishirini na vinne, nikavipanga upya kwa kufuata mchoro. Tukachapa.

Alasiri kamati ya wafanyakazi ikaketi. Mzee akamwaga vipande vya mbao mezani kana kwamba ni meno ya maiti. Mwenyekiti, ndugu Anselmi, akafungua ukurasa wa kumi na nne, akautazama kwa muda mrefu. Bakili akasema kikombe kimekaa vizuri, ila msumeno wake sasa haukati hata muhogo. Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

Uamuzi ukawa kwamba kitabu kitoke kama kilivyo, nami nimwombe Mzee radhi pale pale, ama nikabidhi ufunguo wa kabati langu na kuacha kazi.

"Neno moja tu, ndugu Candida," Anselmi akasema, karibu kunibembeleza.

Nikauweka ufunguo mezani.

"Mzee namheshimu. Radhi siombi."