Ndugu Kumi na Wawili

Kila Jumanne na Jumamosi, saa kumi alasiri, wanaume kumi na wawili wa Gisenyi walivua makoti yao, wakayatundika kwenye misumari ya lililokuwa ghala la kahawa karibu na ziwa, wakasalimiana kwa kuitana ndugu. Ulikuwa mwaka 1956. Ghala sasa waliliita jimnazi, kwa kubana pua kama Wabelgiji, na chama chao kilikuwa na muhuri, kamati na wimbo. Mwenyekiti alikuwa Ndayisaba, karani, mtu wa kitambi na hotuba.

"Ndugu, hapa hatukuja kukuza misuli tu," alisema kila siku. "Tumekuja kujenga udugu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Wenzake walipiga makofi, kisha wakapumzika kidogo.

Vyuma vilivyoagizwa Ulaya vilikuwa havijafika, basi walinyanyua vyungu. Kila gongo la mkaratusi lilifungwa vyungu viwili, kimoja kila ncha, vimejazwa changarawe nyeusi ya volkano. Aliyevifinyanga ni Nyirasafari, mjane wa Kitwa, kabila la wafinyanzi, kutoka Cyanzarwe, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini, ambaye alivileta kichwani na kuviacha mlangoni. Ndani hakuingia. Baada ya mazoezi wale ndugu walikaa duara kuzunguka mtungi wa pombe ya mtama, na mrija mmoja ukapita kinywa hadi kinywa, kwa sababu ndugu ni wale wanaokunywa kwa mrija mmoja. Salumu, fundi cherehani, alikuwa Mwislamu na alikunywa chai kwenye kikombe chake, wala hakuna aliyesema yeye si ndugu. Kwa Mtwa ilikuwa habari nyingine. Mtwa aufinyange mtungi, sawa, lakini akiutia mdomo ameuharibu. Ndivyo walivyolelewa, na kulelewa vibaya hakumzuii mtu kuwa na muhuri.

Mwezi wa tatu wa mazoezi Salumu alileta tepu yake ya kupimia nguo, akawapima mikono. Ya ndugu wote ilikuwa vile vile, isipokuwa ya Ndayisaba, iliyokuwa imepungua. Saa hiyo hiyo Nyirasafari alifika na vyungu sita juu ya bega moja. Mikono yake ilikuwa imejaa kama mihogo ya shamba jipya. Salumu akampima naye. Jasho lote la wanaume kumi na wawili lilikuwa pale, halikupungua hata sentimita moja.

Hakuna aliyeshangaa. Walikasirika tu.

"We, nguvu yetu iko kwako," Ndayisaba alisema.

"Iko, bwana karani. Mi sikuiomba. Vyungu bado ni vyangu. Mama yangu alinifundisha, chungu kinakuwa cha mwenye kukinunua siku anakunywa pamoja na mwenye kukifinyanga. Kama hawajakunywa, kazi ya kile chungu inarudi kwa mikono ya kwanza."

"Na vyungu vya kupikia?"

"Vile vya maharagi, mi nasikiaga harufu tu, kule kwangu."

"Bon. Donc unataka nini?"

"Munipe mrija. Mara moja tu, humu ndani, pamoja na nyinyi. Miaka makumi tatu nafinyanga mitungi ya watu, sijakunywaka na mutu. Nguvu itarudi kwenu leo leo."

Kamati ilikaa. Wanaume hawa walitakiwa kumeza funda moja tu la pombe baada ya Nyirasafari wapate misuli yao yote. Walikataa kwa sauti moja, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza chama kufanya jambo kwa umoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hawa hawakuinama hata kwenye mazoezi.

Shida ni kwamba baada ya wiki mbili bwana mkubwa wa serikali angekuja kutazama piramidi, watu wakisimama juu ya mabega ya watu. Akiridhika, angewapa vyuma. Kila walipojaribu, safu ya pili iliangukia ya kwanza. Ndayisaba akapata akili: Nyirasafari angekaa chini kabisa, amefunikwa shuka ya bluu, awabebe wote. Wakimaliza angepewa mrija.

"Mrija ule ule?" Nyirasafari aliuliza.

"Ule ule. Ni neno ya président."

Siku ilipofika, Nyirasafari alichuchumaa chini ya shuka aliyoishona Salumu, ndugu wakampanda, naye akasimama. Wote kumi na wawili walipanda hadi kwenye kenchi, Ndayisaba kileleni na bendera ya chama. Bwana mkubwa aliona miguu miwili mitupu chini ya shuka, akauliza ni ya nani. Ndayisaba akajibu kutoka juu kwamba huo ni msingi. Mgeni aliridhika, akasema hajapata kuona jamaa kama hii, ambamo kila mtu humbeba mwenzake. Akaahidi vyuma.

Alipoondoka, ahadi ya Nyirasafari ilitimizwa. Mrija ulizunguka kwanza kwa wenyewe, ndipo akaitwa ndani. Alinawa, akakaa kwenye duara, akanyonya taratibu huku amefumba macho.

"Ni tamu," alisema.

Kisha akampa mrija aliyekaa kulia kwake, kama inavyofanywa. Huyo alikuwa Salumu, naye akainua kikombe chake cha chai. Akampa wa kushoto, naye akatazama paa. Ndayisaba aliinuka, akautwaa mrija kwa vidole viwili, akauvunja na kuutia kwenye moto wa chai, na pombe iliyobaki wakaimwaga nje. Nyirasafari aliutazama mrija ukiungua mpaka mwisho. Inauma kusema, lakini aliyeomba radhi ni yeye.

Nguvu haikurudi, maana hakuna aliyekunywa baada yake. Vyuma navyo havikuja. Chama kikazoea. Kila Jumamosi walimpanda, kila Jumamosi alipewa mrija wa mwisho, kila Jumamosi mrija ukachomwa. Matete ya kukata mirija mingine yalijaa ufukoni.

Mwisho wa mwaka Ndayisaba alitaka maneno ya bwana mkubwa yaandikwe ukutani kwa rangi nyekundu, juu kabisa. Ngazi haikuhitajika. Nyirasafari alimwinua kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akashika kopo la rangi.

"Umeandika nini, bwana karani?"

"Hapa kila mutu humubeba mwenzake."

"Na jina yangu iko pale?"

"Wote tuko pale. Sogea kushoto kidogo, imebaki nukta."

Akasogea kushoto.