Marehemu wa Kitanda cha Saba

Watu walimwita Taratibu, na jina lenyewe hakulichukia. Kiti kimoja mkononi mwake kilikuwa kazi ya wiki nzima. Mlango ndio usiulize. Lakini dawati alilolibuni yule seremala, jamani, hata mwenye wivu alilikubali: vipande tisa, vinashikana ulimi kwa tundu, msumari hakuna hata wa dawa. Mtoto apande, aruke, acheze juu yake, halitikisiki.

Shule moja kubwa ya mjini ikayataka mia nne. Ila waliyataka yakatwe kwa mashine, kiwandani, yawe tayari kabla ya muhula. Taratibu akawaandikia kwamba mbao zake haziingii mashine. Ama yatengenezwe kwa mkono kwenye karakana yake, na mafundi wenzake wanne, ama basi. Shule ikamwita ajieleze. Kikao ni Ijumaa, aliambiwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akizungumza na shule kwa simu, kwa sababu Taratibu kwa maneno ni bure kabisa. Wakapatana wakutane Alhamisi kwenye hosteli ya bei nafuu, shemeji akitokea kwenye shughuli zake na Taratibu akitokea nyumbani.

Basi Alhamisi mchana mtu wetu akafika, dawati kalifumua vipande, kalitia guniani, gunia begani. Akapewa kitanda cha saba, cha juu, katika chumba cha watu wanane. Bafu mbili za ghorofa nzima ziko mwisho wa korido, na foleni yake ni ya ndoo: unaiweka ndoo yako kwenye mstari, unaondoka zako, na ole wake atakayeisogeza. Shemeji alikuwa na kitanda cha chini, cha pili. Alipomwona Taratibu mlangoni alishtuka kidogo, kisha akamkumbatia.

"Umewahi, shemeji. Nilijua wewe utaingia jioni."

"Wewe umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Hata begi sijafungua."

Taratibu akamshukuru Mungu kwa kumpa shemeji mwenye kujali, akachukua mayai aliyochemshiwa na mkewe, akaenda jikoni kuyahifadhi.

Jiko lile lilikuwa la wote, na friji ni ya wote, na mwenye amri juu ya friji hiyo alikuwa msimamizi wa hosteli, mama wa makamo waliyemwita Mama Funguo. Sheria yake ilikuwa moja, na haikuwa na msamaha: kila chakula kibandikwe karatasi yenye namba ya kitanda na tarehe aliyoingia mgeni. Kisicho na karatasi kinaliwa na pipa la taka. Akamkabidhi Taratibu kalamu na utepe wa kubandikia. Taratibu akaandika kwa mwandiko wake wa kuchonga: kitanda cha saba, tarehe ishirini. Akafungua friji kutafuta nafasi. Mbele yake palikuwa na bakuli la maharage limefunikwa, juu yake karatasi: kitanda cha pili, tarehe kumi na nne.

Akadhani ni makosa ya mgeni aliyetangulia.

"Mama, hili la kitanda cha pili mwenyewe si ameshaondoka?"

"Aondoke wapi? Si yule baba mwenye msiba. Leo siku ya saba yuko hapa." Mama Funguo alikuwa anasuuza vikombe, hakugeuka. "Maskini, tumemfariji wote. Nesi wa kitanda cha tano amempikia uji siku mbili mfululizo, maana alisema chakula hakipiti."

"Amefiwa na nani?"

"Na shemeji yake. Fundi seremala, anasema, hodari hakuna mfano. Ameanguka karakanani kwake, randa mkononi."

Taratibu alisimama na mayai yake. Friji ikaanza kulia kwa kuachwa wazi.

"Mama," alisema, "shemeji yake ndio mimi."

Mama Funguo akageuka, akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili. Akaifunga friji yeye mwenyewe, polepole, kisha akavuta kiti na kukikalia.

Sasa mimi nikuulize: wewe ungefanya nini? Mwingine angemshika mtu ukosi. Taratibu alimfuata shemeji kwenye masinki ya korido, akamkuta ananyoa ndevu, povu shavu moja. Watu watatu walikuwa wanasubiri zamu zao za bafu. Hakupaza sauti.

"Nimekufa lini?"

Shemeji alimtazama kupitia kioo. Alianza kucheka, akaona hakuchekeki, akaweka wembe chini.

"Kikao kilikuwa Jumanne," alisema. "Wamesaini. Kiwanda kitakata."

"Na mimi ningeambiwa nini kesho?"

"Kwamba wamekataa. Ungerudi nyumbani ukanuna wiki mbili, ukaanza kiti kingine. Sikiliza, shemeji. Walisema bila ruhusa ya mwenye dawati hawasaini. Na mwenye dawati ni wewe, na wewe ungekubali? Miaka kumi na mmoja tunakubembeleza. Watu wazima tunakaa tunasubiri wewe upige msasa."

"Ukaona uniue."

"Nikaona tuishi. Na mimi si wa kwanza kuchoka na wewe."

Wale watu watatu walikuwa wanatazama ndoo zao kana kwamba ndoo zimeanza kusema. Taratibu ilimuuma mpaka ndani ya mifupa. Yeye Taratibu ndiye aliyemfundisha huyu kushika patasi. Ndiye aliyemlaza sebuleni kwake mwaka mzima huyu alipofukuzwa kazi. Akaingia chumbani, akachukua gunia lake na kitambulisho chake, akaenda shuleni. Aliapa njia nzima: nitaingia, nitaweka kitambulisho mezani, niseme marehemu ni huyu hapa, mkataba huo uchaneni. Kisha polisi na shemeji wajuane.

Ofisi ya manunuzi ilikuwa haijafungwa. Mhasibu wa shule, dada mpole mwenye miwani, alimkaribisha kiti.

"Nimekuja kwa ajili ya dawati," Taratibu alisema, kitambulisho kimo kiganjani.

"Ah, la marehemu." Akafungua faili. "Kazi nzuri sana ile. Mkuu wa shule alilia, unajua? Alisema fundi kama yule hatumpati tena."

"Hiyo ruhusa ya dawati, nani aliitoa?"

"Mrithi wake, kisheria. Barua hii hapa."

Akaisogeza mezani. Taratibu alisoma. Mimi, mjane wa marehemu, ninaridhia kwa hiari yangu. Mwandiko ulikuwa wa duara, umelala kidogo kushoto, mwandiko uleule ulioandika majina ya watoto wake watatu kwenye madaftari yao. Chini sahihi. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Wiki tatu alikuwa akila chakula cha mjane wake, akilala ubavuni mwake, na asubuhi ile ile ya leo mkewe amemwambia nenda salama.

Akisema neno moja tu, hawa wawili wanaingia jela, na mmoja wao ni mama wa watoto wake.

"Samahani, ndugu," mhasibu alisema, "wewe marehemu ni nani wako?"

Taratibu akarudisha kitambulisho mfukoni.

"Nilikuwa nafanya naye kazi," alisema.

"Pole sana. Ukimwona mjane, mpe pole zetu."

Akasema atazifikisha.