Kiatu cha Kushoto

Alasiri moja ya Juni, Hester Pugsley, mwenye baa ya Jogoo Mweusi, alikuwa akibandua udongo uliolegea ukutani, kando ya dohani. Nyumba ilisimama kwa mihimili ya mwaloni, iliyokatwa ingali mibichi na kushikizwa kwa vigingi vya mti. Mihimili ilipokauka ilijipinda ilivyopenda, na tangu hapo glasi ya bia ikiwekwa kwenye meza ya dirishani husafiri yenyewe. Wateja hukaa upande wa chini na kuisubiri.

Nyuma ya udongo kulikuwa na kiatu cha mtoto. Zamani maseremala walificha kiatu ukutani ili mabaya yasishuke kupitia dohani. Hester alikipangusa vumbi, akakiweka kwenye kaunta.

Nguzo ya kona ikaguna. Nyumba nzima ikainamia barabara, taratibu, kama mzee anayetafuta miwani.

"Kirudishe," akasema Clem, mteja wa kila siku. "Bia imenifikia kabla sijaiagiza."

"Basi kunywa, unyamaze."

Mlango ukafunguka. Akaingia msichana mdogo, mguu wa kulia una kiatu, wa kushoto una theluji. Akafuta miguu mlangoni, akajitambulisha: Thomasin, binti wa seremala aliyeijenga nyumba. Tajiri aliyejengewa alitaka kiatu cha mtoto aliye hai, lakini si cha wanawe. Baba akamvua yeye. Baridi ikamfikia kabla ya kiatu kingine.

"Nimekifuata, shangazi," akasema. "Mguu unauma."

Hester akamsogezea. Thomasin alipoingiza vidole, dari ikalia na kigingi kikachomoka, kikatumbukia kwenye bia ya Clem.

"Hester, dada yangu," Clem akasema, akikitoa, "utalala wapi?"

Hester alizaliwa ghorofani humo na hakuwa na mahali pengine. Akaitazama boriti, akamtazama mtoto.

"Mwanangu, ngoja kidogo tu."

"Hata baba alisema hivyo," Thomasin akajibu, akakivua mwenyewe.

Hester akakirudisha ukutani, akaziba kwa udongo. Nyumba ikarudi kwenye upogo wake wa kawaida.

Thomasin huja kila alasiri. Wateja hukunja miguu apite, Hester humwekea kigoda karibu na moto, na Clem hupiga deki pale theluji inapoyeyuka. Ameletewa viatu vya kila aina. Mguu huvipenya kama moshi. Umri wake hauongezeki, kwa hiyo kile cha ukutani kingemtosha mpaka leo.