Mto Ulioletwa na Bima

Jumanne moja ya Februari 1984, saa nne asubuhi, Luul Shire alikuwa akikung'uta mikeka mbele ya nyumba yake mtaani Bulla Pesa wakati Mukami, ajenti wa bima kutoka Meru, alipofika na mkoba wake na viatu vilivyojaa vumbi. Nyumba ilikuwa ya mawe na mabati, vyumba saba kwenye mstari mmoja, sita vya kupangisha na kimoja chake. Marehemu mumewe, dereva wa lori, aliijenga kwa miaka tisa, akaikatia bima mwaka ule vibanda vya nyuma ya soko vilipoteketea. Tangu amzike, Luul alikuwa akilipa kila Februari na kila Agosti bila kuchelewa hata siku moja.

"Habari, mama," Mukami alisema.

"Nzuri. Kaa hapo kwa kivuli, msichana wangu. Imepanda tena?"

"Imepanda, mama."

Ada ya bima ilikuwa imepanda mwaka uliotangulia, na mwaka kabla ya huo. Safari hii ilikuwa imepanda mara mbili, na barua ya kampuni ilitoa sababu kwa adabu nyingi. Kwa mujibu wa ramani iliyoko Nairobi, ploti hiyo ilipakana na mto.

Luul aligeuka akaangalia nyuma ya nyumba. Kulikuwa na jiko, choo, kamba ya nguo, na ardhi iliyopasuka kama kisigino. Bomba la mtaa lilitoa maji Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine lilitoa upepo.

"Mto iko wapi?"

"Iko kwa ramani, mama."

"Si urudi uwaambie hakuna."

"Niliwaambia. Wakaniambia mimi ni ajenti, mimi si ramani."

Mukami hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema, maana msikilizaji hutafuta haraka mtu wa kulaumu. Alikuwa na watoto watatu, na alipata chochote pale tu mteja alipolipa. Alikunywa chai, akasubiri. Luul hakutaka nyumba ya marehemu ikae bila kinga. Aliuza mbuzi wake sita, ambao ndio wote aliokuwa nao, akalipa.

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, alitoka kwenda chooni akakuta mto. Ulikuwa na upana wa hatua nne. Ulichomoza chini ya ukuta wa mashariki, ukapita kati ya jiko na choo, ukaingia ardhini kwenye ukuta wa magharibi. Jirani upande huu na jirani upande ule walibaki na vumbi lao. Maji yalikuwa safi na baridi. Luul alivua viatu, akakunja gauni, akavuka. Aliporudi alichota ya chai.

Mpangaji wa chumba cha tatu, Hirbo, alikuwa Mborana wa Kulamawe aliyekuwa na ng'ombe sitini kabla ya ukame na sasa alikuwa na mbuzi kumi na mmoja waliolala barazani. Alichuchumaa ukingoni, akaonja, akatema, akaonja tena. Kisha akauliza swali ambalo Mborana yeyote angeuliza.

"Mama Umulkheir, hii maji ni ya nani?"

"Ya kampuni."

"Kampuni imechimba?"

"Haijachimba. Imeandika tu."

Hirbo alilitafakari jambo hilo. Kisima kina mwenyewe, naye ni aliyekichimba. Lakini maji ambayo hayakuchimbwa na mtu ni ya kila mwenye kiu, na kuyauza ni aibu ambayo ukoo hukumbushwa hata kwenye harusi. Kinachotakiwa ni aba herega, msimamizi wa zamu, atakayesema mifugo ya nani inywe leo na ya nani kesho. Kwa kuwa uani hapakuwa na Mborana mwingine, Hirbo alijiteua.

Habari zilitembea kwa miguu ya ng'ombe. Walikuja wa Kulamawe kwanza, kisha wa Merti, wengine wamebebwa kwa fito kwa sababu hawakuweza kusimama. Hirbo alipanga: wa mbali watangulie, wa karibu wafuate, wenye ploti mwisho, kwa kuwa mwenyeji hajipakulii kabla ya mgeni. Ado, aliyeuza miraa na kupanga chumba cha tano, alishauri watu watoe senti kumi kwa kila debe ili bima ijilipe yenyewe. Luul alikataa. Alifundishwa chuo cha Kurani tangu mdogo kwamba maji hayazuiliwi. Alikataa, na alikasirika kwa kukataa, na usiku alihesabu senti kumi ambazo hakuzichukua mpaka usingizi ukamkimbia.

Aprili mto ulichukua choo. Mei ulichukua jiko. Juni ulichukua chumba cha saba, ukafuatisha cha sita wiki iyo hiyo, na wapangaji walitoa vitanda vyao mapema kwa sababu ulikuwa mto wa taratibu, usioshtukiza mtu. Ulipanuka upande wa nyumba ya Luul tu. Jirani wa nyuma, ambaye hakuwahi kukata bima maishani mwake, hakupoteza hata tofali.

Luul aliandikisha dai. Jibu lilikuja na Mukami mwezi Julai, na Mukami alilisoma akiwa amesimama.

"Wanasema mto ilijulikana kabla hujasaini, mama. Kitu ikijulikana hailipwi."

"Nani aliijua? Mimi sikuijua. Ni wao walinijulisha."

"Ndiyo. Sasa ndio imejulikana."

Agosti ada ilipanda tena. Sababu, ilisema barua, ni mifugo mingi kuonekana kwenye ploti. Kufikia hapo nyumba ilikuwa na vyumba vitatu.

Umulkheir, binti yake aliyefundisha shule Nanyuki, alikuja kwa ajili hiyo. Alitembea ukingoni na viatu mkononi, akatazama pale palipokuwa na chumba alichozaliwa.

"Hooyo, wacha hiyo bima. Mto ilikuja na bima, itaenda na bima."

Ilikuwa hesabu rahisi, na Luul aliona haya kwamba hakuifanya yeye. Kampuni humsubiri mteja siku thelathini baada ya tarehe ya kulipa. Luul alikaa, hakulipa. Siku ya kwanza mto ulishuka kidole kimoja, siku ya pili kimoja tena. Nyufa za chumba cha tatu zilisimama pale pale zilipofika. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili alilala mpaka muadhini akamwamsha.

Hirbo hakumwomba kitu. Nyumba haikuwa yake, na alijua anacholipa mtu kwa paa lake. Alipunguza zamu tu. Ng'ombe aliyekuwa akinywa mpaka ashibe sasa alihesabiwa mafunda, na mbuzi mafunda matano. Watu walitaka kuchangia ada, lakini walichokuwa nacho kilikuwa ng'ombe wa mifupa mitupu, na sokoni hakukuwa na mtu aliyenunua mifupa.

Siku ya ishirini na sita, mto ukiwa umebaki uzi, alifika mwanamke aitwaye Mumina kutoka Biliqo, akiongoza ng'ombe mmoja. Walikuwa wametembea siku nane. Ng'ombe alipiga magoti akaanza kulamba mchanga uliolowa. Mumina aliketi kando yake.

"Salaam aleikum, dada. Niliambiwa hapa iko mto."

"Aleikum salaam. Ilikuwako."

"Itarudi?"

Luul aliangalia vyumba vyake vitatu. Aliangalia foleni iliyotoka langoni hadi barabarani, wanyama wamesimama kimya kama watu waliokuja kuchukua maiti hospitali. Alitamani mtu mwingine aulizwe. Alitamani mumewe awe hai, ili amlaumu. Hakuna aliyemtazama usoni, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemlilia.

"Ngoja hapo," alimwambia Mumina.

Akamwita fundi. Kufikia adhuhuri mabati ya vyumba viwili yalikuwa yameshushwa na kuuzwa kwa mwenye duka la vifaa, pamoja na milango na fremu za madirisha. Hirbo alimsaidia fundi kushikilia ngazi, kwa kuwa moja ya mapaa hayo lilikuwa la chumba chake. Jioni hiyo alihamishia vitu vyake barazani kwa mbuzi. Kisha Luul akapeleka salamu Meru.

Mukami alikuja siku ya ishirini na tisa. Pesa zilipopita mkononi mwake na yeye akaanza kuandika risiti, maji yaliingia chumbani kwa mlango wa nyuma, yakafika vifundoni. Alikunja sketi, akapanda kitandani kando ya Luul ili karatasi zisilowe.

"Umeandika vyumba vingapi?" Luul aliuliza.

"Saba. Imetoka Nairobi ikiwa imechapwa saba."

"Na hiki kikienda na maji?"

"Hakilipwi, mama."

"Kikishikwa na moto?"

"Moto inalipwa. Yote. Vyumba vyote saba."

Wote wawili walitazama sakafu. Sufuria moja ilikuwa imeelea, ikizunguka polepole kuelekea mlango wa mbele.

"Hapa moto haitashika," Luul alisema.

"Haitashika," Mukami alikubali, akachana risiti kitabuni akampa.

Nje, Hirbo aliita zamu ya Biliqo. Uani maji yalikuwa yamejaa mpaka ukutani, na njia iliyobaki ya kuyafikia ilikuwa chumbani humo, kwa hiyo wanawake wawili wakainua miguu yao kitandani ng'ombe apite.