Wimbo wa Gonpei Ulipobadilishwa

Ijumaa jioni, wiki moja kabla ya siku ya michezo ya shule, televisheni ilibadilisha wimbo wa Gonpei, na Mwalimu Nagisa nusura aitupie chungwa alilokuwa akilimenya. Alijua kwamba kila Oktoba vipindi hufanyiwa mabadiliko. Lakini Gonpei, yule fisi maji mlafi wa katuni, alikuwa na wimbo uleule tangu Nagisa mwenyewe alipokuwa aking'oka meno ya utotoni. Hao watu wa televisheni wangekufa wakisubiri wiki moja?

Darasa lake la chekechea lilikuwa likifanya mazoezi ya ngoma ya Gonpei kwa ajili ya siku hiyo tangu mvua za Juni, beti zote tatu. Tena kulikuwa na Chitose. Mtoto huyo wa miaka mitano hakuwahi kushiriki chochote; wenzake wakicheza, yeye huketi kando ya kabati la viatu akitafuna kamba ya kofia yake. Wimbo wa Gonpei ndio uliomtoa pale. Siku moja alisimama mwishoni mwa mstari, akapiga kofi mahali pa kofi, na Nagisa akajifanya hajaona ili asimtishe.

Jumatatu watoto wakagoma. Wimbo ule ni wa kizamani, walisema. Walitaka mpya, ule wa kurukaruka. Kufikia mchana mama wawili walikuwa wameshapiga simu kulalamika, na Mwalimu Mkuu Kuwabara, ambaye hakupenda simu za wazazi hata kidogo, akamwita Nagisa ofisini.

"Ni wimbo tu, Mwalimu Nagisa. Wape wanachotaka."

"Na Chitose je?"

"Chitose ni mmoja. Wenzake ni darasa zima."

Hesabu hiyo ndiyo iliyomuudhi Nagisa kuliko yote. Alikwenda nyumbani kutunga hatua mpya huku akiwalaani watu wa televisheni, mmoja mmoja, bila hata kuwajua majina. Wimbo mpya kamili ulikuwa bado haujatoka. Kilichokuwepo ni kile kipande kifupi cha kufungulia kipindi, akakirekodi hichohicho.

Chitose akarudi kwenye kabati la viatu. Nagisa alimbembeleza, akamwahidi mkia wa karatasi wa Gonpei, mrefu kuliko wa wenzake wote, wapi! Mtoto hakununa wala hakulia. Aliwatazama tu wenzake wakirukaruka, na Nagisa akatamani angalau angelia.

Jumamosi familia zilitandika mikeka kuuzunguka uwanja, na matonge ya wali yakaanza kuliwa kabla ya wakati. Watoto walipoingia na mikia yao ya karatasi, Chitose alikuwa mwishoni mwa mstari.

Muziki ukaanza. Wenzake wakaruka, Chitose akapiga kofi. Wenzake wakachuchumaa, yeye akazunguka. Kwenye mikeka watu wakaanza kucheka. Nagisa aliona haya, kisha akajikasirikia kwa kuona haya, maana mtoto hakuwa akikosea hata kidogo. Alikuwa akicheza ngoma ya zamani hatua kwa hatua, midomo yake ikiimba.

Kipande kikaisha. Wenzake wakainama, wakapigiwa makofi, wakatoka mbio. Chitose alibaki katikati ya uwanja akiendelea kucheza. Alikuwa amebakiza beti mbili. Kuwabara akampungia mkono mpiga filimbi aanzishe mbio za akina baba, waliokuwa wameshajipanga na bukta zao.

Nagisa akavuka mstari wa chokaa, akasimama mbele yao na kutanua mikono.

"Hakuna wa kukimbia," akasema. "Hajamaliza."

Mwalimu Mkuu alimwita kwa jina, kisha akamwita tena kwa ukali. Hakugeuka. Baba mmoja mwenye kitambi akaanza kuuimba ubeti wa pili kwa sauti ya chini, na wa pembeni yake akamuunga mkono, kwani na wao walikulia kwenye wimbo huo. Ubeti wa tatu uliimbwa na mstari mzima.

Chitose alipomaliza aliinama kama alivyofundishwa, kisha akaja kumshika Nagisa suruali.

"Mwalimu," akamwambia, akimwonea huruma, "wimbo wenu ulikatika."