Bei Aliyoitaja Mama Violeth

Mama Violeth alikuwa na sababu ya kuwaogopa wauza baiskeli kuukuu, na sababu yenyewe kijiji kizima kiliijua. Mwaka jana alinunua moja yenye rangi nyekundu ya kuvutia, akaipakia gunia la michembe ya viazi vitamu, akapita nayo mbele ya kanisa wakati watu wanatoka misani. Fremu ikakatika. Michembe aliyoianika wiki nzima ikamwagika barabarani, naye akalala juu yake, kitenge kikiwa kimepanda mahali ambapo kitenge hakitakiwi kupanda. Chini ya ile rangi nyekundu kulikuwa na bomba lililochomelewa ovyo, na rangi ilipakwa kulificha. Watu walimwinua, wakampa pole, na kufikia jioni walikuwa wameshaanza kumwita Mama Fremu.

Jina likamkaa. Justa, jirani yake, alilitumia kila asubuhi akipita kisimani, na alilitamka kwa upendo mwingi, jambo ambalo lilimuudhi Mama Violeth kuliko matusi. Akajiapiza kwamba hakuna mtu atakayemcheka tena kwa sababu ya baiskeli.

Kwa hiyo alizisoma baiskeli kama wengine wanavyosoma katekisimu. Alikwenda kukaa kwa fundi Abel mpaka fundi akamchoka. Akajua kuparua rangi kwa ukucha pale mabomba yanapoungana, kuinua gurudumu na kulizungusha aone kama rimu inacheza, na kuitikisa peda ili asikie kama inagonga. Zaidi ya yote akajua kupatana bei. Ukitaka kitu kwa laki na arobaini, unataja sabini. Muuzaji anashika kichwa, anaapa kwa mama yake, anakuuliza kama umelewa. Wewe unajifanya unaondoka, yeye anakuita, mnapanda na kushuka mpaka mkutane njiani. Mtu aliyezaliwa huku anajua kwamba bei ya kwanza ya mnunuzi si bei, ni hodi tu.

Siku ya mnada wa Katoro aliondoka nyumbani alfajiri, laki na arobaini akiwa ameifunga kwenye kipande cha kanga na kukificha kiunoni. Fedha hizo alizitunza tangu mavuno. Akipata baiskeli nzuri, angeacha kubeba magunia kichwani kutoka mnada hadi mnada, na shingo yake ilikuwa imeanza kumlalamikia. Lakini kusema kweli, shingo ilikuwa jambo la pili. La kwanza lilikuwa mdomo wa Justa.

Akazikagua baiskeli za mnada mzima. Hii rimu inacheza, ile fremu imechomelewa, nyingine nzuri lakini mwenyewe hashuki chini ya laki mbili, maana Katoro ina watu wenye hela ya dhahabu na wauzaji wameshazoea kudeka. Ndipo akaiona Phoenix nyeusi, imesimama pembeni karibu na wauza kamba, na mzee mmoja ameishika usukani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," akajibu yule mzee, akimwita mama kwa Kisukuma. Alikuwa na matope makavu mpaka magotini, na macho mekundu. Jina lake lilikuwa Bujiku, ingawa Mama Violeth hakuuliza.

Akachuchumaa, akaparua, akazungusha, akatikisa. Fremu ilikuwa nzima. Rimu ilizunguka imenyooka kabisa. Cheni ilikuwa na mafuta, spoki hazikupungua hata moja, kerieri ilikuwa imekazwa kwa nati mpya. Akakunja uso ili furaha yake isionekane.

"Unauza bei gani hiki chuma chakavu?"

"Laki na sitini."

"Laki na sitini! Tairi limekwisha, kiti kimechanika, kengele hailii. Baba, hii mtu anachukua kwa kukuonea huruma tu. Nakupa sabini."

Akasubiri mzee ashike kichwa. Akasubiri aapiwe. Alikuwa ameshaandaa hata maneno ya kuondokea.

"Lete," akasema Bujiku.

Mama Violeth akadhani hakusikika vizuri. "Nimesema elfu sabini."

"Nimesikia, mayu. Lete hela, nina haraka."

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika, na kiliharibika ndani ya kichwa chake yeye. Mtu gani anauza baiskeli kama ile kwa sabini, bila hata kunung'unika? Mwenye mali huitetea mali yake. Asiyeitetea ni yule ambaye haikumgharimu kitu. Akajiona tayari yuko kijijini, mwenye baiskeli kaja na sungusungu, na Justa amesimama mlangoni na kanga yake akishuhudia Mama Fremu anavyopokonywa baiskeli ya wizi.

"Risiti iko wapi?"

"Niliinunua zamani, mayu. Risiti sina."

"Na mbona unaharakisha?"

Bujiku akatazama barabara. "Nina haraka tu."

"Ee! Jamani!" Mama Violeth akaita kwa sauti iliyowafanya wauza kamba wote wageuke. "Njooni mumwone huyu mtu! Anauza Phoenix kwa elfu sabini, risiti hana, anasema ana haraka! Huyu si mwizi huyu?"

Neno hilo halitamkwi mnadani kama unavyotamka jina la mboga. Watu walijaa kufumba na kufumbua. Kijana mmoja alishaokota jiwe, mwingine akamvuta Bujiku shati mpaka likachanika begani. Bahati ni kwamba mzee Magesa, kamanda wa sungusungu wa mnada ule, alikuwa karibu. Akapuliza filimbi, akaingia katikati na fimbo yake, akawasukuma nyuma.

"Hakuna kumgusa mtu! Kaa chini, wewe."

Bujiku akakaa chini, kwenye vumbi na mavi ya ng'ombe, mbele ya baiskeli yake. Wakamvua viatu asije akakimbia. Magesa akamuuliza anatoka wapi, akataja kijiji kimoja upande wa Bukombe. Akaulizwa nani anamfahamu. Akasema simu yake imezima, na namba za watu ziko humo humo. Akaulizwa kwa nini anauza chini ya bei. Hapo akakitazama tu kidole gumba cha mguu wake.

"Mnaona?" akasema Mama Violeth. Watu walikuwa wanamsifu. Mwanamke mmoja muuza nyanya alimwambia kwamba ana macho ya askari. Ilikuwa muda mrefu hajasifiwa mbele ya watu, na ni lazima isemwe kwamba alifurahi. Alisimama karibu na ile Phoenix, mkono kiunoni, akawaeleza waliochelewa kufika jinsi alivyomgundua. Jua likapanda. Akawaeleza tena.

Bodaboda ikaja inapiga honi kutokea upande wa machimbo ya dhahabu, imebeba vijana wawili waliopakaa matope mwili mzima, mmoja ameshika dumu tupu. Wakasimama pale kwa wauza kamba wakitafuta mtu. Mwenye dumu ndiye aliyemwona.

"Baba Luka!" Akapenya watu. Alipomkuta kakaa chini miguu mitupu, akababaika, kisha akainama na kusema kile anachopaswa kusema kwa mzee. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, tunakungoja. Pampu ilizima tangu asubuhi, mafuta hakuna. Maji yameanza kurudi duarani, mle shimoni. Yakijaa tena hatutampata."

"Kumpata nani?" akauliza Magesa.

Kijana akawatazama wote kama watu wasio na akili. "Luka. Mtoto wake. Duara liliwaangukia juzi, maji yakaingia. Wenzake tumewatoa. Yeye bado yuko chini. Mwenye duara kakimbia, hela ya kukodi pampu tumechanga wenyewe, imebaki petroli. Mzee akasema ana baiskeli."

Yule aliyeokota jiwe alikuwa bado nalo, akawa hajui aliweke wapi. Mwishowe akalitia mfukoni.

"Mzima?" Magesa akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana," akajibu Bujiku mwenyewe. "Nataka tu nimzike."

Magesa akavua kofia. Akamwinua mzee kwa mikono yake, akamwambia avae viatu, na akamuuliza swali ambalo kila mmoja alikuwa nalo. "Mbona hukusema, ndugu yangu? Mbona umekaa tu hapo tukikudhalilisha?"

Bujiku alikuwa anafunga kamba ya kiatu. "Ningesema, huyu mayu angenipa hela ya msiba. Sikuja kuomba. Nilikuja kuuza baiskeli."

Mama Violeth aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua. Ile ya mbele ya kanisa, kitenge juu na michembe chini, ilikuwa mchezo. Ile ilimpata mwilini, akasimama, akajifuta vumbi. Hii hakuona pa kuifutia. Alikumbuka alivyosema *hiki chuma chakavu*. Alikumbuka alivyowaeleza waliochelewa, na kwamba aliwaeleza mara mbili, na wakati huo wote maji yalikuwa yanarudi. Alitaka kusema samahani, lakini kila alipofungua mdomo alimwona yule muuza nyanya anamtazama kwa macho mengine kabisa, akaufunga tena.

Kofia ya Magesa ikaanza kuzunguka. Ndivyo inavyokuwa huku: msiba ukitajwa, kila mtu anatoa kidogo alichonacho, na rambirambi haina mtu anayeikataa. Mama Violeth akaona upenyo. Akafungua kipande cha kanga, akahesabu sabini, akamkabidhi Bujiku mkononi akiwa amepiga magoti, kama bei waliyopatana. Zilizobaki akazifunga tena vilevile kwenye kile kipande, na kofia ilipomfikia akakitumbukiza chote. Ilikuwa imetimia laki na arobaini, bei ya haki ya ile baiskeli, na mtu yeyote angeona kwamba ametoa rambirambi tu. Akashusha pumzi.

Bujiku akapokea kofia, akawashukuru watu kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Mkono wake ukagusa kile kipande cha kanga. Akakitoa, akaitazama kanga aliyojifunga Mama Violeth kiunoni, ambayo ilikuwa imechanwa pembeni, akakifungua.

"Hii ni ya nini, mayu?"

"Rambirambi, baba."

Muuza nyanya alikuwa ametoa elfu mbili. Bujiku akachomoa elfu mbili kwenye fedha za Mama Violeth, akazitia kofiani pamoja na za wengine. Zilizobaki akazifunga upya, polepole, akamrudishia.

"Rambirambi nimepokea, Mungu akubariki. Hii nyingine ni bei. Bei tulishamaliza." Akapanda bodaboda nyuma ya yule kijana mwenye dumu. "Lile neno uliloniita ndilo hatujamaliza, na leo sina nafasi."

Bodaboda ikaondoka kuelekea kituo cha mafuta.

Mama Violeth alirudi nyumbani na ile Phoenix. Njia nzima alikuwa anaisikiliza. Alitamani peda igonge, cheni iruke, fremu itoe hata mlio mmoja, apate cha kusema kwamba naye alionewa kidogo. Haikulia. Mtu aliyeitia mafuta alikuwa ameitia kwa mkono wa mtu anayetarajia kuitumia miaka mingi. Kwenye mlima akashuka akaikokota, ingawa angeweza kupanda nayo, kwa sababu hakuona kama ana haki ya kukaa.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika. Justa ndiye aliyemwona kwanza, na Justa akiona kitu, kijiji kimeona. Wakaja na Theonest mwenye duka, na Agatha, na wengine. Wakaizunguka baiskeli. Theonest akaparua rangi kwa ukucha, akainua gurudumu, akalizungusha.

"Hii chuma," akasema kwa heshima. "Hii kweli ni chuma. Umeichukua kwa ngapi?"

Hilo ndilo swali alilokuwa analingoja tangu mwaka jana. Alikuwa ameota atakavyolijibu, akitaja bei ndogo kuliko walivyoweza kuamini, halafu amtazame Justa bila kusema kitu.

"Laki na arobaini," akasema Mama Violeth.

"Hela yako yote?" Justa akapiga kofi. "Hukupunguziwa hata mia?"

"Hata mia."

"Na hujaongezewa hata pampu ya upepo! Mama Fremu jamani, umepigwa tena!"

Wakacheka. Theonest naye akacheka, kisha akampa pole. Mle kiunoni kile kipande cha kanga chenye hela zilizorudishwa kilikuwa kinamkandamiza ubavu. Kesho, akawaza, atauliza msiba uko kijiji gani, na hakujua atakapofika atasimama wapi.

"Nimepigwa," akasema, akashika usukani kwa mikono miwili, akawaacha wacheke mpaka wachoke wenyewe.